Biolojia ya Gredi ya 10: mada ya kwanza ianze na pojo, si na maana ya maneno

Walimu vijana wamekuwa wakiniuliza namna ya kupanga wiki za mwanzo za Biolojia katika sekondari pevu. Wazazi nao wana swali lao: mbona daftari la mtoto limejaa maana za maneno, na hajashika hata jani moja? Nina stashahada ya ualimu na somo hili nimelifundisha miaka mingi katika shule za kutwa za hapa Mwambao, kwa hivyo nitaeleza ninavyolipanga mimi. Anayeona lina faida achukue.

Kwanza tujue kilichobadilika. Chini ya 8-4-4 kila mwanafunzi alisoma Biolojia kidato cha kwanza na cha pili, apende asipende. Mwalimu aliyeanza vibaya alikuwa na miaka miwili ya kurekebisha. Katika mtaala wa umilisi, ambao Gredi ya 10 ya kwanza iliingia Januari 2026, Biolojia ni somo la kuchaguliwa ndani ya mkondo wa STEM. Mtoto amekuja kwa hiari yake, na baada ya wiki chache ameshaamua moyoni kama hapa ni pake au si pake. Watoto wetu, wengi wao wanaojua samaki kwa majina kuliko waliotunga vitabu, ndio wanaosema mapema kwamba sayansi ni ya watu wa bara. Hilo ndilo linalonisumbua, na ndiyo sababu naipa mada ya kwanza uzito kuliko zote zinazofuata.

Mada zenyewe hazijahama sana. Ni Biolojia ni nini na ina faida gani, kukusanya na kuhifadhi vielelezo, kisha seli. Tatizo ni mlango tunaoingilia. Desturi ni kuandika ubaoni kwamba neno lenyewe ni la Kigiriki, bios na logos, halafu matawi kumi na kitu ya taaluma, halafu sifa saba za viumbe hai ziimbwe kama wimbo. Siku ya tatu mtoto ana maneno ishirini mageni na hajaulizwa swali hata moja. Matawi hayo mimi huyapeleka mwisho kabisa wa mada, na huchukua robo ya kipindi.

Kipindi cha kwanza naingia na pojo za dukani, za shilingi chache, katika sahani mbili zenye pamba mbichi. Za sahani moja nimezichemsha kidogo nikazianika, za pili ni vile vile zilivyotoka kwenye gunia. Swali ni moja: hizi zi hai au zimekufa? Darasa hugawanyika papo hapo. Wengi husema zimekufa, maana hazili, hazijongei, hazikui. Siwajibu. Sahani zinakaa dirishani, na siku ya tatu zile mbichi zimetoa vikia vyeupe, zilizochemshwa zinaanza kunuka. Hapo ndipo mtoto anafahamu kwamba uhai unaweza kujificha: mbegu kavu ilikuwa inapumua wakati wote, lakini polepole mno hata jicho halioni. Sifa saba sasa zinaletwa kama vipimo vya kuamulia ubishi, nao ubishi tayari upo darasani.

Katika sifa hizo saba, mbili zinataka muda kuliko nyingine kwa sababu ya lugha yetu wenyewe. Ya kwanza ni kupumua. Kwa Kiswahili neno ni moja, liwe la kuvuta hewa puani au la kile kinachofanyika ndani ya seli, yaani kuvunja chakula ili kupata kawi. Mtihani unayatenganisha, na mwanafunzi anayejibu kwamba ni kuvuta hewa safi na kutoa chafu hupoteza alama kila mwaka. Dawa yake ni hamira. Chukua chupa mbili za soda, tia maji ya uvuguvugu, vijiko viwili vya sukari na kijiko cha hamira, funga puto mdomoni. Chupa ya pili iwe na hivyo hivyo, ila hamira yake iwe imemwagiwa maji yanayochemka kwanza. Kabla kipindi hakijaisha puto la kwanza limeanza kusimama, la pili limelala. Waulize: pua ya hamira iko wapi? Kila mtoto wa hapa amemwona mamake akiuacha unga wa mahamri uumuke. Hajaambiwa tu kwamba kinachouumua ni hewa ukaa inayotoka kwa kiumbe hai kinachokula sukari.

Ya pili ni kutoa takamwili. Kiswahili chetu cha adabu kinasema haja ndogo na haja kubwa, kana kwamba ni ndugu wa mama mmoja. Biolojia inazitenga mbali. Mkojo una taka zilizotengenezwa na seli, zikasafirishwa na damu na kuchujwa na figo. Kinyesi kwa sehemu kubwa ni mabaki ya chakula yaliyopita utumboni bila kuingia ndani ya seli yoyote, kwa hivyo hakihesabiwi katika sifa hii. Jasho na hewa tunayoitoa mapafuni vinahesabiwa. Darasa litacheka, na liacheni licheke, wakishacheka hawasahau.

Tuktuk nayo ni mfano mzuri wa dakika kumi: inajongea, inakunywa mafuta, inatoa moshi, na bado si hai, maana haikui wala haizai. Sitaurefusha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni matumbawe. Mtoto wa Mji wa Kale, au wa Lamu, amelala maisha yake yote ndani ya kuta za mawe ya matumbawe. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe na kwa mawe ya matumbawe. Lete kipande cha jiwe hilo kutoka nyumba iliyobomolewa, kiweke mezani, uliza: jiwe, mmea au mnyama? Jibu ni kwamba tumbawe hai ni mnyama, au tuseme wanyama wengi wadogo walioshikana, kila mmoja wa milimita chache, mwenye mdomo uliozungukwa na mikono ya kunasia chakula. Wanajijengea kiunzi cha chokaa chini yao, na kiunzi hicho ndicho tunachokiita jiwe. Ndani ya miili yao hukaa viumbe vidogo mno vya jamii ya mwani, ambavyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuwagawia wenyeji wao. Yale maneno ya darasa la chini kwamba mnyama hutembea na mmea hukaa mahali pamoja yanaanguka hapo hapo. Na tunapata kundi la tatu ambalo vitabu hulipita haraka: kitu kisicho hai sasa lakini kilichowahi kuwa hai. Ukuta wa nyumba umo humo. Chembe ya chumvi ya Gongoni haimo, ingawa nayo ukiitazama inakua.

Baada ya hapo ni safari ya ufuoni, nayo hupangwa kwa mwezi. Maji ya bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hivyo tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu ndizo za kuangalia. Rehema kwetu ni kwamba siku za bamvua maji hapa hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, saa za masomo, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukienda siku ya maji mafu utaonyesha watoto mchanga na jua. Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia muhula wa kwanza. Usiwapeleke watoto waliofunga kwenye jua la saa tano. Tumia bamvua ya katikati ya Shaaban. Barua za wazazi na ruhusa ya BMU ya ufuo huo zitangulie, na kila mtoto avae viatu. Wakatazwe kuokota kombe wenye umbo la pia, maana wengine wana sumu inayoweza kuua mtu mzima.

Tunachotafuta ni zile sifa saba, zikiwa hai. Mkoko unazaa mbegu inayoota ikiwa bado juu ya mti mama, ikidondoka ni mche tayari. Mchu umeinua vijizizi kama penseli kutoka topeni ili kupata hewa. Ukilamba jani lake utaonja chumvi ambayo mti umeitoa, na hapo mtoto anaona kwamba mimea nayo hutoa takamwili. Kaa dume mwenye gando moja kubwa anawapungia wenzake, kivuli chako kikimfikia anazama shimoni: huko ni kuhisi. Mwani na nyasi za bahari vinafanana machoni, lakini nyasi zina mizizi na maua ya kweli, na mwani, ule ambao kina mama wa Kibuyuni wanaulima, katika mpangilio wa falme tano haumo hata katika ufalme wa mimea.

Kuhusu kukusanya, nina msimamo mkali. Vitabu vina nyavu, mitego ya shimo na chupa za kunyonyea wadudu, na vyote vifundishwe kwa wadudu wa uwanja wa shule. Ufuoni, piga picha kwa simu, mrudishe mnyama pale pale, na jiwe ulilolipindua lirudishe lilivyokuwa. Tumbawe hai haling'olewi, yai la kasa haliguswi, na ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizowekwa tangu 1968, hata kombe tupu liache. Majani ya mikoko machache yanatosha, yabanwe katikati ya magazeti kwa wiki moja chini ya vitabu. Shule za Kinango na Ganze zisione zimeachwa. Mbuyu mmoja, kichuguu na dimbwi vina kazi ya mwezi mzima.

Watoto wakirudi na picha, waandike majina wanayoyajua wao. Ubishi utazuka wenyewe. Samaki huyu sisi twamwita tafi, wa Unguja humwita tasi, na ni yule yule. Nyumbu kwa mmoja ni mnyama wa Maasai Mara, kwa mwingine ni mtoto wa punda na farasi. Sasa jina la kisayansi lina maana kwao, na Carl Linnaeus, aliyeupanga utaratibu huu kwa mimea 1753 na kwa wanyama 1758, anakuwa mtu aliyetatua tatizo wanalolijua. Tafi ni Siganus sutor kwa kila mtu: neno la kwanza kwa herufi kubwa, la pili kwa ndogo, na kwa mkono kila moja hupigwa mstari wake.

Hadubini huja mwisho. Shule nyingi zina moja au mbili kwa darasa la watoto hamsini au sitini, na foleni ya kuchungulia inaua kipindi. Shikilia simu juu ya lenzi, piga picha, wote waione. Ngozi nyembamba ya kitunguu maji na tone la ayodini ya duka la dawa vinatosha. Waambie kwamba Robert Hooke, aliyetumia neno seli kwa mara ya kwanza 1665, alikuwa akitazama kizibo, kwa hivyo alichoona ni kuta tupu za seli zilizokwisha kufa. Wao wanaona kiini, kitu ambacho yeye hakukiona kwenye kizibo chake.

Na mtihani wa mada, tafadhali, usiwe wa kutaja sifa saba. Weka mezani hamira kavu, chembe ya chumvi, jiwe la matumbawe na pojo, bila kutaja lolote. Mwanafunzi aseme kila kimoja ni hai, kimekufa au hakijawahi kuwa hai, na aeleze jaribio atakalofanya ili kumshawishi mwenzake anayembishia. Alama nyingi ziende kwa jaribio, chache kwa jibu.