Kamba Yenye Mafundo

Fikiria uko na mpango ambao ukivuja unanyongwa. Watu wa kuutekeleza wametawanyika kwenye vijiji zaidi ya ishirini, wanaongea lugha tofauti kabisa, na kutoka kijiji cha kwanza hadi cha mwisho ni safari ya siku nyingi kwa miguu. Mwaka ni 1680. Utawaambiaje wote waanze siku moja?

Po'pay alituma kamba.

Alikuwa kiongozi wa dini kutoka Ohkay Owingeh, eneo ambalo leo ni jimbo la New Mexico, Marekani. Wahispania walikuwa wametawala huko tangu 1598. Wapueblo walilipa kodi ya mahindi na blanketi, hata ukame na njaa zilipowabana miaka ya 1660. Mapadri Wafransisko nao walichoma vinyago vyao na kupiga marufuku ngoma za kuomba mvua. Yaani mvua haiji, na kuiomba ni kosa.

Mwaka wa 1675 gavana Juan Francisco Treviño alikamata viongozi wa dini 47, ati ni wachawi. Kuna walionyongwa, wengine wakachapwa viboko, Po'pay akiwa mmoja wao. Waliachiliwa tu baada ya wapiganaji wa Kitewa kuingia Santa Fe kuwadai. Kwangu mimi, koloni lilipotea siku hiyo. Wenyewe tu hawakujua.

Po'pay akahamia Taos, kaskazini, akaanza kupanga. Kila kijiji kingeletewa kamba. Kila siku mnafungua fundo moja. La mwisho likifunguka, siku imefika. Hakuna cha kusoma, hakuna cha kutafsiri. Shida ilikuwa midomo ya watu. Inasemekana Po'pay alimuua mume wa binti yake mwenyewe kwa kuogopa atawasaliti. Wengi wakisimulia kisa hiki huiruka hiyo sehemu. Mimi imenikaa kichwani kuliko vita vyenyewe.

Na bado siri ikavuja. Tarehe 9 Agosti Wahispania waliwanasa vijana wawili wa Tesuque, Catua na Omtua, waliokuwa wakipeleka kamba. Yalikuwa yamebaki mafundo mawili. Wapueblo waliposikia hawakungoja. Kesho yake vijiji vikainuka.

Wahispania kama 400 waliuawa, mapadri 21 wakiwemo. Santa Fe ikazingirwa, maji yakakatwa, na tarehe 21 gavana Antonio de Otermín akaondoka na watu wake kuelekea kusini, El Paso. Wapueblo waliwatazama wakienda. Hawakuwafuata kuwamaliza. Halafu watu wakaingia mitoni, wakajisugua kwa mizizi ya yuka kuosha ubatizo.

Po'pay alitaka kila kitu cha Kihispania kitupwe, mpaka mbegu. Hapo hakusikizwa sana. Nani atupe kondoo na tikitimaji? Umoja wenyewe haukudumu, na mwaka wa 1692 Diego de Vargas akarudi na askari. Lakini ule mfumo wa kumpa Mhispania mmoja kijiji kizima kimlipe kodi haukurudi tena, na ngoma bado zinachezwa.

Tangu 2005 sanamu ya Po'pay imesimama ndani ya jengo la Bunge la Marekani, Washington. Picha yake haikuwahi kuwepo, kwa hivyo mchongaji, Cliff Fragua wa Jemez Pueblo, ilibidi aibuni sura. Mkononi ameshika kamba yenye mafundo. Ukizunguka nyuma, mgongoni kuna makovu ya viboko.