Mti wa Kiranga

Moto wa nyika ukishapita kwenye vilima vya Keza na kwingineko wilayani Ngara, mwamba-ngoma hubaki umesimama. Gome lake ni nene na lina nyufa, na kabla majani hayajachipua, matawi hujaa maua mekundu yanayogombewa na ndege chozi. Ni mti mdogo, mara nyingi mita 6 hadi 12, na mbao yake ni laini na nyepesi. Hata hivyo, katika nchi za Maziwa Makuu miti mikubwa kuliko huu haikuambulia heshima yake.

Warundi huuita umurinzi, Wanyarwanda umuko. Simulizi zao zinamtaja mwindaji hodari, Kiranga kwa Warundi, Ryangombe kwa Wanyarwanda, aliyepigwa pembe na mnyama akafia kwenye mti huu. Ndipo ibada ya kumwenzi, iitwayo kubandwa, ikafanyika chini ya mti huo. Jambo lisilo la kawaida kwa zama zile ni kwamba Mhutu, Mtutsi na Mtwa, wote waliweza kuingizwa katika ibada hiyo.

Mpaka wa wakoloni haukuutambua mti. Bugufi, ambayo leo imo Ngara, ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi; Waingereza na Wabelgiji walipogawana koloni la Wajerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikaangukia Tanganyika. Burundi iliidai hadi mbele ya Umoja wa Mataifa, bila mafanikio.

Misheni ilikuja na vita vyake. Mwaka 1898 Mapadre Weupe walifungua kituo Muyaga, mashariki mwa Burundi, na Kiranga akahubiriwa kuwa ni shetani. Ibada ikajificha, mti ukabaki uani.

Pigo jingine lilikuwa la shoka. Kuanzia Aprili 28, 1994, wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa takriban siku moja. Kambi yao ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, ilihitaji kuni kila siku, na vilima vya jirani vikaachwa vipara.

Kuurudisha mwamba-ngoma si kazi: tawi nene likichomekwa ardhini mvua zinapoanza hutoa mizizi, ndiyo maana wengi huupanda kuwa ua. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi hutungwa shanga, ila watoto hukatazwa kuzitafuna, kwani sumu yake hulegeza misuli.