Vidole Kumi na Daftari la Dola

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika aliyeacha kijiji chake kwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya walowezi wa Kenya alivaa shingoni kikebe cha chuma kilichofungwa kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa: jina lake, kabila na ukoo wake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, siku aliyoanza na siku aliyoachishwa. Hicho ndicho kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na vita, kisha ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Iliwahusu wanaume Waafrika wote kuanzia umri wa miaka 16. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia mfanyakazi, mfanyakazi huyo hakuweza kupokelewa kihalali mahali pengine. Akiondoka bila ruhusa, alikuwa mhalifu.

Kikebe kilionekana na kila mtu, lakini nguvu ya mfumo ilikaa kwingine. Ilikaa katika masjala kuu ya Nairobi, mlimohifadhiwa kumbukumbu za kila aliyesajiliwa. Mlowezi aliyetorokwa na kibarua alitoa taarifa serikalini, namba ya usajili ya mtoro ikatafutwa, na afisa wa wilaya ya mbali akajua ni nani anayesakwa. Huu ulikuwa mtandao wa habari uliokamilika, wenye kituo kikuu, matawi na watu wa kupeleka taarifa huku na huku, miongo kadhaa kabla ya kompyuta kufika Afrika Mashariki.

Ufundi ulioufanya mtandao huo uwezekane ulitoka Bengal, India. Huko, mwaka 1858, William Herschel, ofisa wa Kiingereza, alimtaka mkandarasi mmoja agonge kiganja chake kwenye mkataba ili asije kuukana baadaye. Kukusanya alama za vidole hakukuwa kazi ngumu. Kazi ilikuwa kuipata alama moja katikati ya maelfu. Jibu lilipatikana katika miaka ya 1890 kwenye ofisi ya Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, na sehemu kubwa ya hesabu ilifanywa na Wahindi wawili waliokuwa chini yake, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ingawa mfumo ulibaki na jina la bwana wao.

Hesabu yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Vidole kumi hugawanywa katika jozi tano. Kidole chenye mistari inayojizungusha duara hupewa thamani kulingana na jozi yake: 16 katika jozi ya kwanza, kisha 8, 4, 2, na 1 katika ya mwisho. Kidole kisicho na duara hupata sifuri. Thamani za kidole kimoja kutoka kila jozi hujumlishwa na kuongezwa 1, na za vidole vilivyosalia vivyo hivyo, hadi mikono ya mtu igeuke kuwa sehemu ya hesabu, kuanzia 1/1 hadi 32/32. Hapo hupatikana makundi 1,024, na karani humwendea mtu kwenye shubaka lake moja kwa moja bila kupekua kabati zima. Kuna duara au hakuna, moja au sifuri: ni hesabu ileile ambayo kompyuta zingekuja kuitumia. Ofisi ya alama za vidole ya Calcutta ilifunguliwa mwaka 1897, polisi wa London wakauchukua mfumo huo mwaka 1901, na kutoka hapo ufundi ukasambaa katika makoloni.

Wakenya hawakuupokea kimya. Mwaka 1921, walowezi walipopunguza mishahara huku kodi ikipanda, Harry Thuku, aliyekuwa mpokea simu katika ofisi ya serikali jijini Nairobi, alizunguka akihutubia mikutano dhidi ya kodi, kazi za shuruti na kipande. Alikamatwa Machi 1922. Umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe ulimiminiwa risasi, na watu wasiopungua 21 wakafa, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewachochea wanaume wasiondoke. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu. Kipande kikaendelea kuvaliwa kwa robo karne nyingine.

Mabadiliko yalipokuja yalifichua mengi. Sheria mpya ya mwaka 1947 iliagiza watu wa kila rangi wasajiliwe na watoe alama za vidole vyote kumi. Walowezi walioona ni sawa kabisa Mwafrika apakwe wino vidoleni sasa waliita jambo hilo tusi na fedheha. Malalamiko yao yalizaa tume ya uchunguzi, na hatimaye wenye kisomo wakaruhusiwa kutumia picha na sahihi badala ya vidole. Kwa miaka karibu thelathini Waafrika walikuwa wakisema kwamba mfumo huu unamvunjia mtu heshima. Hoja hiyo ilisikika serikalini pale tu ilipotamkwa na Wazungu.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ili kuzima uasi. Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, wanajeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi, wakakagua karatasi za watu na kuwachuja kwa kabila. Wagikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu walipelekwa kizuizini. Daftari lililoanzishwa ili kuwabana vibarua lilikuwa limepata kazi nyingine, bila kuhitaji ufundi mpya.

Uhuru wa 1963 uliondoa bendera ya Uingereza lakini kitambulisho kikabaki, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 wanawake nao wakaanza kusajiliwa. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipigwa msasa peke yao na kutakiwa wabebe kadi ya pili, ya rangi ya waridi, kuthibitisha kwamba ni raia. Wanubi, wazawa wa askari walioletwa na jeshi la Uingereza kutoka Sudan na kukaa Kibera, walizoea kuitwa mbele ya kamati za wazee na maofisa kabla ya kupewa kitambulisho ambacho jirani wa kabila lingine alikipata bila maswali.

Ndiyo maana haikuwa ajabu kwamba Wanubi walitangulia mahakamani mwaka 2019, serikali ilipozindua Huduma Namba, mpango mpya wa kusajili watu. Marekebisho ya sheria yaliyopitishwa mwaka uliotangulia yaliruhusu kukusanywa kwa alama za vidole, umbo la mkono, umbo la ndewe ya sikio, mboni ya jicho, mawimbi ya sauti na vinasaba, pamoja na mahali hasa mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Yote yangeunganishwa katika hifadhidata moja. Miongoni mwa mashahidi waliosikilizwa alikuwamo mtaalamu kutoka India, aliyeeleza udhaifu wa Aadhaar, mfumo wa nchi yake wa kusajili watu kwa vidole na macho. Njia iliyoanzia Bengal ilipitwa tena, safari hii kwa ajili ya kuonya.

Januari 30, 2020, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kukusanya vinasaba na kufuatilia makazi kwa setilaiti kulikiuka Katiba, na kwamba mfumo usiendelee mpaka kuwe na kanuni kamili za kuulinda. Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha Sheria ya Kulinda Data mnamo Novemba 2019, na Oktoba 2021 mahakama ilitumia sheria hiyohiyo kubatilisha utoaji wa kadi za Huduma, kwa kuwa athari zake kwa faragha hazikutathminiwa kwanza. Mwaka 2023 maelfu ya watu walipopanga foleni Nairobi kupigwa picha za mboni na kampuni ya kigeni, Worldcoin, kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000, serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe. Vizuizi vyote hivi vilipatikana kwa sababu kuna watu waliokwenda kudai.

Hata hivyo, kaunti ya Garissa inaonyesha hatari ambayo amri ya kufuta haiitibu. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilipofunguliwa huko mwaka 1991 kuwapokea Wasomali waliokimbia vita, ukame ulikuwa umezikausha familia za wafugaji Wakenya waliopakana nazo. Wengi walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula, na watoto wao wakaandikwa pamoja nao. Vidole viliingia kwenye mfumo. Miaka ikapita, mtoto akafikisha miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho, kompyuta ikalinganisha na kujibu kwamba huyu ni mkimbizi. Wanaokadiriwa kufikia 40,000 walinaswa hivyo. Mashine haikukosea kuhusu vidole. Ilikosea kuhusu mtu. Na bila kitambulisho kijana huyo hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kufungua akaunti ya M-Pesa wala kupiga kura.

Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza mjini Wajir kwamba msasa wa ziada kwa wakazi wa mipakani umekoma. Ni hatua kubwa, iliyosubiriwa kwa miongo. Lakini sasa Maisha Namba, namba mpya ya utambulisho, inakusudiwa kutolewa mtoto anapozaliwa na kumfuata hadi kifo, hivyo kosa la karani wa leo linaweza kuanzia wodini na kuenea kwenye shule, hospitali na benki kabla mwenyewe hajajua kusoma. Kinachohitajika ni ofisi, katika kila kaunti ndogo, yenye mamlaka ya kisheria ya kurekebisha kumbukumbu kwa muda uliowekwa, na mtu wa kuwajibika isipofanya hivyo. Masjala ya kipande haikuwahi kumpa kibarua nafasi ya kuuliza kilichoandikwa juu yake. Mjukuu wake anayo Katiba inayompa haki hiyo, na mfumo mpya bado unajengwa.