Anga la Serikali, Ardhi ya Wenyewe: Mipaka ya Kisheria ya Droni za Burudani Nchini Marekani

Droni ya burudani nchini Marekani huwa chini ya mamlaka mbili kwa wakati mmoja: inayotawala anga inamopita, na inayotawala ardhi inaporukia na kutua. Anayetaka kujua kama mahali fulani panaruhusiwa ana maswali mawili mkononi, na jibu la moja halimtoshi. Hoja ya makala haya ni kwamba ugumu wa sheria hii hautokani na wingi wa makatazo, ambayo mengi yana sababu za wazi. Unatokana na mamlaka hizo mbili kuachiwa zitangaze makatazo yao kila moja kivyake, huku mpaka baina yao ukiwa haujawahi kuchorwa.

Mzizi wa mpaka huo ni shauri la wafugaji wa kuku. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, familia ya Causby ilikuwa na shamba karibu na uwanja wa ndege uliotumiwa na jeshi nje ya Greensboro, jimbo la North Carolina. Ndege za kivita zilipita futi 83 tu juu ya ardhi yao. Kuku wapatao 150 walikufa kwa kujibamiza ukutani kwa hofu, na ufugaji ukakoma. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji William O. Douglas, ilikataa kanuni ya kale kwamba mwenye ardhi anamiliki hadi mbinguni, kwani anga limekuwa njia ya umma. Hata hivyo ilikubali kwamba mwenye ardhi ana haki juu ya nafasi iliyo karibu na ardhi yake, kwa kadiri anavyoweza kuikalia au kuitumia. Kadiri hiyo ni futi ngapi, hukumu haikusema. Kwa usafiri wa ndege za kawaida ukimya huo haukuleta taabu kubwa, maana nje ya kuruka na kutua ndege hizo kwa kawaida hazishuki chini ya futi 500. Droni zimekuja kuishi humo humo katika nafasi ambayo mahakama iliiacha bila kipimo.

Juu ya nafasi hiyo serikali kuu haina shaka na mamlaka yake. Sheria ya usafiri wa anga ya 1958 iliunda chombo kinachojulikana leo kama FAA, ambacho ndicho chenye kauli kuhusu matumizi ya anga la nchi nzima. Jiji la Newton, Massachusetts, lilipopiga marufuku droni kupita chini ya futi 400 juu ya mali binafsi bila ruhusa ya mwenyewe, mahakama ya shirikisho ya wilaya ilibatilisha kifungu hicho mwaka 2017, kwa sababu jiji lilikuwa limeingilia kazi ya FAA.

Warushaji wa burudani wenyewe walikaa muda mrefu nje ya mkono wa chombo hicho. Sheria ya 2012 iliizuia FAA kuwatungia kanuni warushaji wa vindege vya mfano, na kwa msingi huo mahakama ya rufani ilifuta usajili wa droni za burudani Mei 2017. Bunge liliurudisha Desemba mwaka huo huo, kisha Oktoba 2018 likaufuta msamaha wote na kuweka masharti mapya yanayotumika hadi sasa. Mrushaji lazima awe anaruka kwa burudani tu, aione droni kwa macho yake mwenyewe au ya msaidizi aliye kando yake, aipishe ndege yoyote yenye watu, na awe amefaulu mtihani mfupi wa usalama ambao hautozwi ada. Droni inayozidi gramu 250 husajiliwa.

Kuhusu mahali, sharti kuu ni aina ya anga. Pale ambapo waongoza ndege hawadhibiti anga kuanzia ardhini, mrushaji haombi ruhusa ya FAA mradi asipite futi 400, yaani mita 120 hivi. Sehemu kubwa ya mashamba na miji midogo imo katika kundi hilo. Katika anga linalodhibitiwa kuzunguka viwanja vya ndege, ruhusa hutangulia. Hupatikana kupitia mfumo wa kielektroniki uitwao LAANC, ambao umeigawa ramani katika miraba na kuupa kila mraba kimo chake cha juu: mmoja futi 400, wa jirani 100, na ulio kwenye njia ya kutulia sifuri. Kwa kimo kisichozidi cha mraba, jibu huja karibu papo hapo. Wengi bado wanashikilia kanuni ya zamani ya kuarifu kiwanja chochote kilicho ndani ya maili tano, ambayo sheria ya 2018 iliiondoa. Ni vyema iliondoka, kwa sababu mduara ule ulipima umbali bila kujali ndege zinapita wapi.

Anga lilelile hubadilika hadhi kwa saa. Uwanja wa michezo wenye viti 30,000 au zaidi hufungiwa anga lake kwa maili tatu za baharini kila upande, tangu saa moja kabla ya mechi za ligi kuu hadi saa moja baada yake. Washington, kinyume chake, imefungwa daima: ndani ya maili 15 hivi kutoka katikati ya eneo lake maalumu la ulinzi, droni ya burudani hairuki kabisa bila idhini mahususi. Makatazo ya muda yenye uzito kuliko yote ni ya mahali penye moto wa nyika. Januari 2025, Los Angeles ikiwaka, droni iliyorushwa kutoka jengo la maegesho huko Santa Monica ilikwenda zaidi ya mita 2,500 hadi mrushaji akaacha kuiona, ikagonga bawa la ndege ya kuzima moto iliyotoka Quebec. Ndege ilitua salama, lakini ilibidi iache kazi ili itengenezwe, wakati nyumba zinaendelea kuteketea. Mwenye kutilia shaka thamani ya kanuni ya kuiona droni kwa macho anapaswa kulitazama tukio hilo kwa makini.

Hayo yote ni ya anga, na mengi yake huonekana katika programu za simu. Upande wa ardhi ndipo mwenye nia njema hupotea. Idara ya Hifadhi za Taifa haina mamlaka juu ya anga, lakini ina mamlaka juu ya ardhi na maji inayoyasimamia. Juni 2014 ilielekeza hifadhi zote zikataze kurusha, kutua na kuendesha droni humo, kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha hadi miezi sita na faini ya hadi dola 5,000. Miezi miwili baadaye droni ya mtalii iliangukia Grand Prismatic, chemchemi kubwa ya maji moto ya Yellowstone. Katazo hilo lina maana, kwa wanyama na kwa wageni waliofuata utulivu. Lakini linamfunga aliyesimama ndani ya mpaka. Aliyesimama nje, kwenye ardhi inayomruhusu, akaipitisha droni juu ya hifadhi, ana hoja ya kisheria ambayo katazo halikuiziba. New York City nayo hufanya vivyo hivyo: jiji haliligusi anga, ila linadhibiti mahali pa kurukia na kutulia, na matokeo kwa mrushaji ni karibu yaleyale. Majimbo na kaunti zina kanuni zao katika bustani, fukwe na mabwawa, zingine zimeandikwa kwenye kibao cha langoni pekee.

Kutokana na hilo, ramani ya anga inaweza kumwonyesha mtu kuwa yuko huru mahali ambapo mlinzi wa bustani ana haki ya kumtoza faini. Kumlaumu mrushaji hapo si haki kamili. Sheria imemtaka achunguze kabla ya kuruka, na imemjengea chombo kinachojibu nusu ya uchunguzi. Dawa yake si ngumu: mamlaka yoyote ya ardhi inayotaka katazo lake litekelezwe iwajibike kuweka mipaka yake katika hazina ileile ya takwimu inayolisha programu za anga. Atakayesema kaunti ndogo haziwezi akumbuke kwamba kaunti hizohizo tayari zina ramani za viwanja kwa ajili ya kodi.

Linalobaki ni suala la jirani ambaye droni hupita juu ya ua wake. Kwa kulinganisha, Kenya, katika kanuni zake za 2020, ina kikomo kilekile cha futi 400, lakini imeongeza kwamba bila idhini droni isikaribie mtu, gari au jengo lisilohusika kwa chini ya mita 50. Mwenye nyumba wa Nakuru anaweza kuutaja umbali huo mbele ya hakimu. Mwenye nyumba wa Ohio hana namba ya kutaja. Ana sheria za jimbo kuhusu faragha na usumbufu, na hukumu ya 1946. Uamuzi wa Newton, kwa kuwa ni wa mahakama ya wilaya, haumfungi jaji wa jimbo lingine. Kipimo cha mita ni butu, na mitaa ya mjini iliyobanana inaweza kukifanya kiwe katazo kamili. Hata hivyo Bunge la Marekani, ambalo linaweza kuweka kipimo cha nchi nzima, lilipoandika masharti ya 2018 lilitaja kimo cha juu kabisa na halikutaja kimo cha chini juu ya ua wa mtu.