Programu ya kumfunza mtoto kusoma: Mambo ya kuzingatia kabla ya kuipakua

MZAZI wa Rongo au Mbita anayetafuta programu ya kumsaidia mwanawe kujua kusoma hupata nyingi kwenye simu yake. Nyingi zina rangi za kuvutia, nyimbo na wanyama wanaocheza, lakini si zote zinazofunza kusoma. Baadhi humzoesha mtoto kukariri picha tu, na huenda tatizo hilo likagunduliwa akiwa tayari ameingia gredi ya 3.

Sauti kwanza

Jambo la kwanza la kuchunguza ni iwapo programu inafunza sauti za herufi au majina yake pekee. Kwa Kiingereza, jina la herufi 'm' ni 'em'. Mtoto anayejua jina hilo tu hawezi kuunganisha 'em' na 'a' akapata 'ma'. Programu nzuri humtamkia sauti yenyewe, kisha humwongoza kuunganisha sauti kuwa silabi, silabi kuwa neno na maneno kuwa sentensi. Sauti za herufi zilipewa uzito pia katika mradi wa Tusome, ulioanzishwa na Wizara ya Elimu katika shule za msingi za umma mnamo 2015 kwa ufadhili wa Marekani.

Lugha ya mtoto

Sera ya elimu nchini huelekeza kuwa watoto wa chekechea hadi gredi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Katika Kaunti ya Homa Bay na sehemu kubwa ya Migori, lugha hiyo ni Dholuo, huku Kikuria kikizungumzwa Kuria Mashariki na Kuria Magharibi.

Programu nyingi, hata hivyo, ni za Kiingereza, lugha yenye herufi 26 na sauti zipatazo 44. Herufi 'a' katika 'cat' haitamkwi kama ile ya 'cake'. Kiswahili ni chepesi kwa anayeanza, kwa kuwa kila irabu kati ya zile tano husomwa vivyo hivyo kila mahali.

Hata hivyo, Dholuo haina sauti za 'sh', 'z' na 'v', hivyo mtoto huweza kuona 'shamba' akatamka 'samba'. Huko Kuria, wengi hutatizika kutofautisha 'l' na 'r'. Hilo ni suala la matamshi, wala si ishara kuwa mtoto hajui kusoma. Programu inayosikiliza sauti ya mtoto na kumkosoa kila mara kwa sababu hiyo itamvunja moyo.

Funzo kutoka Tanga

Manufaa ya programu za Kiswahili yalijaribiwa katika nchi jirani ya Tanzania. Mashindano ya Global Learning XPRIZE yaliwapa tabuleti watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 mkoani Tanga. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mnamo Mei 2019, Kitkit School na onebillion zilitangazwa washindi kwa pamoja. Matokeo hayo yanatia moyo, ingawa pia yanaonyesha kuwa wengi walibaki nyuma. Programu haichukui nafasi ya mwalimu wala ya mzazi.

Gharama na usalama

Programu inayofanya kazi bila intaneti baada ya kupakuliwa humwondolea mzazi gharama ya bando. Isiwe na matangazo ya biashara wala vitufe vya kununua vitu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kukusanywa. Nalo Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kuwa mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini.

Kipimo cha mwisho hakihitaji simu. Baada ya wiki kadhaa, mzazi aandike kwenye karatasi maneno mapya yenye herufi ambazo mtoto amefunzwa, bila picha yoyote. Ajuaye 'm', 't', 'k', 'a' na 'i' anapaswa kusoma 'kima', 'taka' na 'mkata'. Akiyasoma, programu inafaa. Akibahatisha, inafaa kutafutwa nyingine mapema.