Tanzania: Wakati wa kumkimbiza mgonjwa idara ya dharura

Idara ya tiba ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ilifunguliwa mwaka 2010, ikiwa ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma nchini Tanzania. Tangu hapo huduma hiyo imeenea hadi katika hospitali za rufaa za mikoa. Hata hivyo, faida yake hutegemea uamuzi unaofanywa nyumbani: mgonjwa apelekwe sasa, au asubiri zahanati ifunguliwe asubuhi?

Katika idara ya dharura, wagonjwa hawahudumiwi kwa kufuata nani alitangulia kufika. Muuguzi huwapima na kuwapanga kwa uzito wa hali zao. Katika mfumo wa rangi uliobuniwa Afrika Kusini na kutumika katika nchi kadhaa za Afrika, mwenye rangi nyekundu hutibiwa papo hapo, wa chungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa moja, na wa kijani ndani ya muda wa saa nne. Ndiyo sababu mwenye mafua aweza kukaa kitako muda mrefu huku aliyefika nyuma yake akiingizwa kwanza.

Dalili zisizongoja asubuhi ni hizi: kushindwa kupumua, maumivu ya kifua yanayobana au kusambaa hadi mkononi na tayani, mdomo kupinda, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito kwa ghafla, damu isiyokoma, kupoteza fahamu, kunywa sumu, na kuumwa na nyoka. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe wala kufyonzwa jeraha. Kiungo kilichoumwa kitulizwe kisitikisike wakati wa safari.

Kwa mtoto, hatari ni degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu na kulegea kusiko kwa kawaida. Kwa mjamzito, ni kutokwa na damu, degedege, au kuumwa sana kichwa pamoja na kuona ukungu. Mjamzito, mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga wana mpango wao wa usafiri, m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Namba yake ni 115, na kupiga ni bure. Gari la wagonjwa lisipopatikana, dereva wa kawaida aliyesajiliwa hutumwa, naye hulipwa na mpango huo.

Kwa upande mwingine, kikohozi kisicho na shida ya kupumua, kubadilisha bendeji, maumivu ya muda mrefu yasiyozidi, au dawa za kila mwezi zilizokwisha, ni kazi ya zahanati na kituo cha afya.

Kosa moja huwagharimu wengi: kuipita hospitali iliyo karibu ili kuifikia ile kubwa. Mgonjwa mahututi huhitaji kwanza hewa, kuzuiwa damu na maji ya mishipani, na hayo huweza kuanzia hospitali ya wilaya, ambayo ndiyo itakayompa rufaa. Anayemsindikiza achukue dawa zote anazotumia mgonjwa, na akumbuke saa dalili zilipoanza, kwa kuwa hilo ni miongoni mwa maswali ya kwanza ya daktari.