Mwinyi Mkuu wa Dunga: Bwana Aliyegeuka Mtoza Kodi

Katika madarasa ya siasa neno "umwinyi" halikosi kutajwa. Kiongozi anayekaa kivulini akitaka wengine wamlimie huambiwa ana umwinyi; anayetaka kubebewa mkoba, vivyo hivyo. Ni neno zuri la kukosoana. Lakini ukiwauliza wanafunzi wetu huyo mwinyi mwenyewe alikuwa nani, alitawala nini, na kwa nini utawala wake ulikwisha, wengi hunyamaza, au hujibu kwamba alikuwa kabaila tu. Jibu hilo ni la haraka mno. Unguja alikuwapo Mwinyi Mkuu mwenye jina na nyumba, na hali yake inafaa kuchambuliwa.

Tunamzungumzia Muhammad bin Ahmed, aliyefariki mwaka 1865. Ukoo wake ulikuwa umewatawala Wahadimu wa Unguja tangu kabla ya Waomani kushika kisiwa. Mwishoni mwa karne ya 17, katika ukoo huo, Mwana Fatuma aliwaunga mkono Wareno wakati Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu, Mombasa. Ngome ilipoanguka mwaka 1698 yeye alipelekwa uhamishoni Omani, akarudishwa baada ya miaka kadhaa. Kwa hiyo Muhammad alirithi kiti ambacho kwa muda mrefu kilikuwa kinasimama kwa idhini ya mwenye nguvu kutoka nje.

Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, hakukivunja kiti hicho. Aliona kina faida. Wahadimu walikuwa na masheha wao na wazee wa vijiji. Kulikuwa na wavyale wa kuangalia ardhi na mizimu. Na juu ya wote alikaa Mwinyi Mkuu, mwenye ngoma na siwa. Mgeni angehitaji askari wengi kuvitawala vijiji hivyo kimoja kimoja. Kupitia kwa mtu mmoja ilitosha barua.

Zamani Mwinyi Mkuu alipata haki yake kwa mazao, samaki na kazi za mikono. Huo ulikuwa unyonyaji pia, wala hatusemi vingine, lakini ulikuwa na mipaka yake: bwana hawezi kula samaki zaidi ya tumbo lake. Chini ya Sultani Wahadimu walidaiwa kazi za lazima, zikiwamo za kukata na kusomba magogo, na kodi ya kichwa iliyofika riale mbili kwa mwaka. Aliyekusanya riale hizo ni Mwinyi Mkuu. Sehemu kubwa ilikwenda mjini kwa Sultani, na sehemu ndogo ikabaki mkononi mwake. Riale hailiwi wala haiozi, na anayeidai hana sababu ya kusema imetosha.

Wakati huo huo karafuu ilikuwa inaenea katika ardhi yenye rutuba ya magharibi na kaskazini. Wanahistoria hubishana kama mashamba hayo yalichukuliwa kwa Wahadimu au yalifyekwa msituni. Hali halisi iliyotokea haina ubishi: mikarafuu ikawa ya mabwana wa mjini, ikahudumiwa na watumwa, na Wahadimu wakabaki zaidi kusini na mashariki, penye mawe. Huko ndiko riale mbili zilikotakiwa kutoka.

Hapa tutoke Unguja kidogo, maana kodi imewahi kumpindua mfalme kwingine. Mwaka 1637 huko Uingereza, mwenye ardhi mmoja wa Buckinghamshire, John Hampden, alishtakiwa kwa kukataa kumlipa Mfalme Charles wa Kwanza kodi ya meli ya shilingi 20. Kati ya mahakimu 12, saba walimpa ushindi mfalme na watano wakamwunga mkono Hampden. Alishindwa, lakini watu wa tabaka lake waliokuwa Bungeni hawakusahau. Vita vikazuka mwaka 1642. Hampden akafa kwa majeraha mwaka 1643. Na mwaka 1649 mfalme akakatwa kichwa. Tusimtukuze kupita kiasi. Mwaka ule ule wa 1649 maskini waliokwenda kulima ardhi ya wazi pale St George's Hill walifukuzwa na wenye ardhi.

Lakini swali linabaki: kwa nini bwana wa Buckinghamshire alikataa kodi na bwana wa Dunga akaikusanya? Wapo watakaosema ni ushujaa wa mmoja na woga wa mwingine. Sisi hatukubali. Hampden alikuwa na ardhi yake na alikuwa na Bunge la kukutana na wenzake. Muhammad alikuwa na heshima, bila ya shamba la karafuu la kutisha mtu, na pato lake lilikuwa fungu la kodi yenyewe. Akiikataa, anakata mkono unaomlisha.

Alichofanya ni kuhama. Kati ya mwaka 1846 na 1856 lilijengwa jumba la Dunga, katikati ya kisiwa, mbali na macho ya mjini. Wazee husimulia kwamba damu ya watumwa ilichanganywa katika chokaa ya kuta zake. Husimulia pia kwamba Seyyid Said aliwahi kumfunga, mvua ikakatika mpaka alipofunguliwa. Iwe kweli au si kweli, masimulizi hayo mawili yanaonyesha watu walivyomwona: mtu yule yule, mkatili wa kuogopwa na mwenye baraka ya mvua. Tabaka la chini halimtazami bwana wake kwa jicho moja.

Muhammad alipofariki, mwanawe Ahmed alishika nafasi, na mwaka 1873 akafa kwa ndui bila ya mtoto wa kiume. Seyyid Barghash hakumweka mwingine. Hakuwa na haja: masheha walikuwapo, kodi ilikuwa imekwisha zoeleka, na barua kutoka mjini sasa zingeweza kwenda kwao moja kwa moja. Ngoma na siwa baadaye zilihifadhiwa katika makumbusho, na jumba la Dunga likawa magofu, kando ya barabara ya kwenda Chwaka.